Njia Hii Inatokea? Kwa Nini Mitaa ya Dar es Salaam Haiungani

Dereva wa bodaboda anayeingia mtaa asioujua Dar es Salaam huwa na swali moja kwa mwenyeji wa kwanza anayekutana naye: "Njia hii inatokea?" Akijibiwa "haitokei", anageuza pikipiki bila kuuliza zaidi. Wataalamu wa mipango miji nao, wanapopima muunganiko wa mitaa kwa ramani na kompyuta, wanatafuta jibu la swali hilohilo: ukiingia hapa, kuna pa kutokea, au utarudi ulikotoka?

Tukisema mji unasambaa, wengi huona picha ya Chanika, Mbande au Madale: nyumba moja hapa, shamba la mihogo pale, na kazini ni mwendo wa saa mbili. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili ni umbo la njia zenyewe. Nyumba zinaweza kubanana mpaka mabati yakagusana, na bado jirani wa nyuma ya ukuta akawa mbali kwa mwendo wa nusu saa. Na makosa ya njia hudumu kuliko makosa ya nyumba. Kariakoo nyumba za udongo zilibomolewa, zikaja za matofali, nazo zikabomolewa yakaja maghorofa, lakini mistari ya Msimbazi, Swahili, Sikukuu na Narung'ombe haijasogea. Ukuta unavunjwa kwa nyundo. Njia iliyokosekana hurudishwa kwa fidia, kesi na miaka.

Hesabu ya kutokea

Chukua kipande cha ramani. Kila mahali njia tatu au zaidi zinapokutana weka nukta, na kila mahali njia inapokufa weka nukta pia. Kipande cha njia kati ya nukta mbili ni kiungo. Sasa gawa idadi ya viungo kwa idadi ya nukta.

Mtaa wa mistari iliyonyooka wenye nukta 36, sita kwa sita, una viungo 60. Uwiano wake ni 1.67. Nukta zilezile 36 zikiungwa kama mti, yaani shina moja lenye matawi yasiyokutana tena, viungo ni 35 tu na uwiano ni 0.97. Tofauti ya viungo 25 ndiyo idadi ya mizunguko, yaani njia mbadala ambazo mtaa wa kwanza unazo na wa pili hauna hata mmoja. Ukichimba mfereji kukata shina la mtaa wa pili, kila aliye juu ya hapo amefungiwa. Baadhi ya miji ya Marekani huwataka wanaojenga mitaa mipya wafikie uwiano wa kati ya 1.2 na 1.4, kiwango ambacho kinaruhusu kona chache zisizotokea bila kuua mtandao mzima.

Kipimo cha pili ni mzunguko wa safari: umbali wa kutembea njiani ugawe kwa umbali wa ndege, yaani wa mstari ulionyooka. Katika mtaa wa mistari namba hiyo haizidi 1.41, na wastani wake ni kama 1.27. Katika mtaa wa mti haina kikomo. Nyumba mbili zilizotengana mita 300 kwa macho, lakini zenye kilomita 2.1 za njia kati yake, zina namba 7. Anayeishi Dar hahitaji kutafutiwa mfano. Asimame ukingoni mwa bonde lolote upande wa Kimara na kuangalia nyumba za ng'ambo.

Cha tatu ni wingi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, linapendekeza angalau kilomita 18 za barabara katika kila kilomita moja ya mraba, na angalau asilimia 30 ya ardhi iwe ya barabara. Namba hizo hazikuokotwa. Mistari inayopishana kila mita 100 inatoa kilomita 20 za barabara na makutano 100 kwa kilomita ya mraba. Wastani wa upana ukiwa mita 15, barabara zinachukua karibu asilimia 28 ya ardhi.

Kuna jambo la kuzingatia kabla ya kunakili vipimo vya ugenini. Marekani njia zisizotokea zilijengwa kwa makusudi: mwenye mradi mmoja alichora mtaa mzima wenye kona zilizofungwa ili magari ya kupita yasisumbue. Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball wameonyesha kwamba mitaa mipya ya nchi hiyo ilizidi kukatika hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha mwelekeo ukaanza kugeuka, ilhali kwa dunia nzima ukataji umezidi tangu 1975. Dar hakuna aliyekaa mezani akaamua mitaa isitokee. Kwetu kukatika ni matokeo ya maelfu ya mauziano, na dawa yake haiwezi kuwa ileile.

Kulikopimwa kabla ya kujengwa

Kariakoo ilianza kupimwa kwa mistari mwishoni mwa utawala wa Wajerumani. Jina lake ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Magomeni na Temeke nazo zina mistari yake. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa utaratibu wa viwanja na huduma: barabara, mifereji na maji kwanza, nyumba mwananchi ajenge mwenyewe kwa uwezo wake. Mpango huohuo uliingia Manzese kwa namna tofauti, kuboresha mahali palipokwisha kujengwa.

Miongo kadhaa baadaye watafiti walilinganisha aina hizo mbili na maeneo yasiyopimwa. Yale yaliyopimwa yakiwa matupu yalikuwa na nyumba bora kwa tofauti kubwa. Yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonyesha faida ya namna hiyo. Kwa anayepanga bajeti ya mji, huo ni ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote: shilingi iliyotumika kuweka mstari kabla ya nyumba ilizaa, na iliyotumika kupenyeza mstari katikati ya nyumba ilizaa kidogo.

Tatizo ni kwamba mistari haikuwahi kuufikia mji kwa wakati. Mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979 ilichorwa, na mji ukakua nje ya michoro. Sensa ya 2002 ilikuta watu takriban milioni 2.5, ya 2012 watu 4,364,541 na ya 2022 watu 5,383,728. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 70 ya wakazi wako katika makazi yasiyopangwa. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Toangoma na Buyuni. Ulisaidia, lakini vilikuwa visiwa vya mistari vyenye mashamba pande zote, na vingi vilikaa miaka vikiwa vichaka kwa sababu wanunuzi waliviweka kama akiba.

Shamba moja, njia moja

Tazama jinsi mtaa wa kawaida wa pembeni unavyozaliwa. Mwanzo kuna mashamba ya ekari moja, mbili, tano, yaliyotengwa kwa minyaa au michongoma. Kila shamba lina njia moja kutoka barabara ya kijiji hadi nyumbani kwa mwenye shamba. Mji unapokaribia, dalali anakuja na mteja. Mwenye shamba anakata kipande cha mbele kabisa, kilicho barabarani, kwa sababu ndicho chenye bei. Mwaka unaofuata mtoto anahitaji ada, anakata cha pili. Vinapimwa kwa hatua, si kwa futi: "hatua ishirini kwa ishirini." (Hatua ya mtu wa kawaida haifiki mita moja. Ikiwa sentimita 90, kiwanja cha hatua 20 kwa 20 ni mita za mraba 324, si 400. Mnunuzi huligundua hilo siku mpimaji anapokuja.)

Njia ya shamba inabaki katikati kama uti wa mgongo, kwa kawaida mita mbili au tatu, na viwanja vinaning'inia pande zote. Inafika nyumbani kwa mwenye shamba na hapo inakufa, kwa sababu mbele yake ni minyaa ya jirani. Jirani naye anakata shamba lake vivyo hivyo, ila uti wake unaanzia barabara nyingine na unakufia upande wa pili wa minyaa ileile. Njia mbili zinatazamana, mita kumi zikizitenganisha, na hazitakutana.

Mahali hapo, kwenye mpaka wa shamba na shamba, tupaite mshono. Karibu kila njia isiyotokea katika makazi yasiyopangwa ya Dar inakufia kwenye mshono au kwenye bonde. Ndani ya shamba moja mwenye mali ana sababu ya kuacha njia, maana bila njia viwanja vya nyuma haviuziki. Kuvuka kwenda kwa jirani hakumwongezei kitu siku ya mauzo. Faida ya kutokea inakuja baadaye, inagawanywa kwa mamia ya watu, na wengi wao hawajanunua bado. Basi kila mmoja akingoja jirani aachie, wote wawili wanauza hadi kwenye minyaa.

Kwa miaka ya kwanza haionekani kama hasara. Watu wanapenya kwenye minyaa, watoto wanakwenda shule kwa njia ya mkato, mama wa genge anapita na beseni. Ndipo anakuja mnunuzi mwenye tofali. Ukuta unapanda, geti linawekwa, na njia ya mkato iliyotumika miaka kumi inafutika kwa siku tatu. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa njia hiyo haikuwahi kuandikwa popote.

Kukatika kwa namna mbili

Makosa makubwa katika mjadala huu ni kudhani mitaa yote iliyokatika ni ya aina moja. Manzese au Tandale, kwa anayetembea kwa miguu, mtandao ni mzito ajabu: vichochoro vinafumana kama mkeka, na mtu anaweza kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa njia tano tofauti. Kwa gari, eneo hilohilo ni ukuta. Ukipima kwa ramani ya barabara za magari tu utasema pamekatika. Ukiweka vichochoro utasema pameungana kuliko Masaki. Vyote viwili ni kweli.

Upande wa Mbezi Beach au Mbweni mambo yamegeuzwa. Barabara ni pana, gari linaingia hadi mlangoni, lakini kuta ni ndefu, njia ndogo za waenda kwa miguu zilizokuwa kwenye mchoro zimemezwa na uzio, na dada wa kazi anazunguka kilomita nzima kufika kituo cha daladala anachokiona juu ya ukuta.

Mbaya kuliko zote ni zile sehemu za pembeni, Kivule, Msongola, Goba ya ndani, zinazochukua ubaya wa pande zote mbili: njia nyembamba kwa gari, na kuta zilizofungia mguu. Mji mpya wa Dar unaongezeka zaidi kwa namna hiyo ya tatu.

Juu ya hayo kuna mikato mikubwa ambayo hakuna mwenye shamba wa kulaumiwa kwayo. Mabonde ya Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Tegeta na Mlalakuwa. Uwanja wa ndege. Kambi za jeshi. Reli ya kati, ya TAZARA, na sasa ya SGR yenye uzio na sehemu maalumu za kuvukia. Kila kimoja kina haki ya kuwepo, lakini kila kimoja kinahitaji vivuko vilivyohesabiwa, na vivuko hivyo vikiwa mbali kimoja na kingine mitaa ya pande zote mbili inageukiana migongo.

Nani analipa

Umbo la Dar ni kiganja chenye vidole vinne: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa. Mandela na Sam Nujoma zinavifunga kwa ndani. Mitaa kati ya vidole ikiwa miti isiyokutana, kila safari, hata ya kwenda kwa shangazi mtaa wa pili, inashuka hadi kwenye kidole, inasogea kidogo, kisha inapanda tena. Foleni ya Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto si ya wanaokwenda mjini peke yao. Ndani yake kuna safari za kilomita mbili zilizokosa njia nyingine.

Daladala haliwezi kuingia mtaa usiotokea, kwa sababu njia ya basi inataka kuzunguka au kupita, si kugeuza gari kwenye kona ya mita tatu. Ndiyo maana bodaboda na bajaji zimejaa kwenye kila mdomo wa mtaa, na mkazi anayetoka ndani analipa nauli mbili. Mwendokasi, mabasi yenye njia yake maalumu, ulioanza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, jumla kilomita 20.9, unafanya kazi kwa wanaoweza kukifikia kituo kwa mguu. Mita 800 za ndege zikiwa kilomita tatu za njia, kituo kipo lakini si chako.

Gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5, nalo linahitaji angalau mita 3.5 zisizo na ngazi, nguzo wala baraza. Likiingia uti usiotokea likakuta uti huo umezibwa na gari la mtu, hakuna kuzunguka kwa nyuma.

Kisha kuna choo. Gari la kunyonya majitaka lina mpira wa makumi machache ya mita, na nguvu ya kunyonya hupungua kadiri unavyorefushwa. Nyumba zilizo mbali na njia ya gari zinawategemea vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo na mikono, au pampu ya mkono inayobebeka. Asiyeweza kumudu hivyo vyote anangoja masika na kutapisha choo, yaani kutoboa shimo ili mvua ikiondoe kinyesi kuelekea kwa jirani wa bondeni. Kipindupindu na njia zisizotokea vina undugu kuliko inavyodhaniwa.

Mafuriko yenyewe ndiyo mtihani wa mizunguko. Jangwani maji yakijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa, na magari ya kidole kizima yanatafuta pa kupita. Kama kungekuwa na viungo vingi vidogo, kila kimoja kingebeba sehemu yake. Havipo, basi mzigo wote unaangukia Mandela na njia za panya chache, nazo zinakwama ndani ya saa moja.

Lami haiongezi njia

Fedha nyingi zimekwenda kwenye makutano makubwa: Daraja la Mfugale pale TAZARA mwaka 2018, la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Yamepunguza kungoja kwenye taa. Hayakuongeza kiungo hata kimoja kwenye mtandao. Yamefanya nukta zilizokuwepo zipitike haraka. Kuweka lami kwenye mtaa usiotokea nako ni jambo jema kwa vumbi na matope, ila mtaa unabaki usiotokea, na mwisho wake sasa una maegesho.

Kinachobadilisha ramani ni kiungo kipya. Daraja la Kigamboni, mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016, liliondoa uchaguzi wa zamani kati ya kivuko na kuzunguka kwa Kongowe. Barabara za kukatiza vidole, kama ile ya Kinyerezi kwenda Mbezi kupitia Kifuru na Malamba Mawili, au zinazopita Goba kuunganisha Mbezi ya Morogoro na upande wa Bagamoyo, zimefanya kazi kubwa kuliko urefu wake. Aliyekuwa anashuka hadi Ubungo ili apande tena sasa anakatiza.

Lakini hizo ni barabara za TANROADS, wakala wa barabara kuu, za kiwango cha juu. Chini yake kuna viungo vya mita 10, 30, 60, vya kutoboa mshono, na hivyo havina mwenyewe. TARURA, iliyoanzishwa 2017, inatunza barabara za wilaya na mitaa zilizopo kwenye orodha yake. Njia ambayo haipo haimo kwenye orodha. Mwenyekiti wa mtaa ana uwezo wa kuwapatanisha majirani, hana fungu la fidia.

Hesabu ya mshono

Watu husema wenye mashamba hawatakubali kuacha barabara kwa sababu hasara ni kubwa. Tuipige hesabu.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, karibu mita 64 kwa 64. Mwenye shamba akiacha uti wa mita mbili tu, anapoteza mita za mraba 128 na anabaki na 3,919. Kwa viwanja vya mita za mraba 400 hivyo ni viwanja tisa na kipande cha 319, kile ambacho dalali hukiita kiwanja hivyohivyo na kukiuza kwa mtu asiye na haraka ya kuuliza.

Sasa barabara ya mita nane ipite juu ya mshono wenyewe, kila jirani akitoa mita nne kwa urefu wa mita 64. Kila mmoja anatoa mita za mraba 256. Akiacha na ule uti wake wa ndani, anabaki na 3,663: viwanja tisa na kipande cha 63. Viwanja kamili ni vilevile tisa. Alichotoa ni mkia. Na viwanja vitatu vilivyokuwa nyuma kabisa, vya bei ya chini, sasa vimetazama barabara.

Kwa hiyo mahali rahisi pa barabara ni kwenye mpaka, wala si katikati ya shamba la mtu mmoja, ambaye angepoteza mita 512 za mraba peke yake huku majirani wakifaidi bure. Si lazima kila mshono uwe barabara pia. Ukiacha mmoja na kuchukua wa pili, barabara zinakuwa kila mita 128 hivi kwa pande zote mbili, jambo linalotoa karibu kilomita 16 za barabara na makutano zaidi ya 60 kwa kilomita ya mraba, hata kabla ya kuhesabu vichochoro. Ndani ya kila bloku vichochoro vya mita nne vinatosha, mradi vitokee.

Mambo yanayoharibu mpango huu yanajulikana. La kwanza ni shamba la kona, ambalo hutoa mita nne pande mbili, karibu mita za mraba 500, zaidi ya kiwanja kizima. Asipofidiwa na wenzake atagoma, na akigoma makutano yamekufa. Kiasi kidogo kutoka kwa kila kiwanja cha bloku, au kumpa haki ya kiwanja cha biashara kwenye kona hiyo, humaliza ubishi kwa kawaida, maana kona ya barabara mbili ina thamani ya fremu za duka. La pili ni mashamba yasiyolingana: mshono wa ekari tano hauangukii kwenye mshono wa ekari moja, na barabara inaruka mita ishirini pembeni. Kuruka huko kunavumilika kwa mtembea kwa miguu na kwa gari dogo. Basi linataka kona ikatwe. La tatu ni bonde. Barabara ikiishia ukingoni bila kalavati, wakazi wa pande zote wataanza kutupa taka kwenye ule mwisho, na baada ya miaka miwili kutakuwa na kibanda juu yake. Ni heri mwisho huo upandwe bikoni, yaani mawe ya mpaka ya mpimaji, na kuandikwa kwenye mchoro kama hifadhi ya barabara, hata kama daraja halijulikani litajengwa lini.

La nne ndilo zito: wakati. Hesabu yote hiyo ni kweli kabla ya kiwanja cha kwanza cha nyuma kuuzwa. Kikishauzwa, mwenye kuachia mita nne si mwenye shamba tena bali mwenye kiwanja cha mita 20, na mita nne ni sehemu ya tano ya mali yake yote.

Urasimishaji na hatari ya kuukomaza uchochoro

Zoezi la urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, linafika mtaani likiwa limechelewa kwa kipimo hicho, lakini bado lina dirisha. Mlolongo wake unajulikana: wakazi wanachagua kamati, vipande vya ardhi vinatambuliwa, mchoro wa mipango miji unachorwa na kuidhinishwa, ndipo mpimaji anapanda bikoni na hati zinaandaliwa. Dirisha liko kati ya utambuzi na mchoro. Baada ya bikoni limefungwa.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Kampuni ya upimaji inalipwa kwa kiwanja, na mjadala wa njia unachosha. Mchoro unaandika mita sita; mkutanoni zinakuwa nne; mpimaji anapofika anakuta shimo la choo na ngazi za baraza, zinabaki tatu. Njia isiyotokea inachorwa kama ilivyo na kupewa hadhi ya kisheria. Sasa uchochoro una namba na walio pande zake wana hati. Atakayetaka kuutoboa kesho atalipa fidia ya ardhi yenye hati, si ya ardhi ya karatasi ya serikali ya mtaa. Urasimishaji wa namna hiyo unamsaidia mtu mmoja mmoja benki na kuufunga mtaa kwa kizazi kizima.

Kamati yenye macho inaweza kufanya jambo moja dogo kabla ya mchoro: kuorodhesha miisho yote isiyotokea, na kwa kila mmoja kuuliza ni mita ngapi hadi njia iliyo upande wa pili, na kuna nini katikati. Mara nyingi ni banda la kuku, ukuta mmoja, au kiwanja kitupu. Miisho kumi ya namna hiyo ikitobolewa mitatu tu, namba za mtaa hubadilika. Na si lazima kila kiungo kiwe cha gari. Wakazi wanaoogopa wezi na madereva wa kukatiza wana hoja. Njia ya mita mbili yenye nguzo katikati inampitisha mtembea kwa miguu, baiskeli na mkokoteni, na inalizuia gari. Mtaa unaotokea kwa mguu na usiotokea kwa gari ni mtaa mzuri, tena wenye utulivu.

Kuupima mtaa wako

Data ya kuanzia ipo. Mradi wa Ramani Huria tangu 2015 uliwatumia wanafunzi na wenyeji kuchora vichochoro, mifereji na nyumba za maeneo mengi ya Dar, hasa kwa ajili ya mafuriko, na kazi hiyo iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. QGIS, programu ya bure ya kuchora na kupima ramani, inatosha. Chora mpaka wa kilomita ya mraba, kisha ongeza ukanda wa mita 200 kuuzunguka, la sivyo kila njia iliyokatwa na mpaka wako itahesabiwa kama isiyotokea. Hesabu mara mbili: njia za magari peke yake, halafu pamoja na vichochoro.

Halafu toka nje uhakiki, kwa sababu ramani hudanganya kwa mazoea yake. Barabara ya njia mbili zilizotenganishwa, kama Sam Nujoma, huchorwa kama mistari miwili, na inapokutana na nyingine ya aina hiyo makutano moja huhesabiwa manne. Pale Ubungo na TAZARA barabara zinapita juu na chini. Programu isipoelezwa itadhani kila zinapopishana unaweza kukata kona. Mageti hayaonekani kutoka angani, na uchochoro uliofunikwa na mabati pia. Njia iliyochorwa ikikatiza bonde inaweza kuwa magogo mawili ya mnazi: Januari unatokea, Aprili hutokei. Hesabu ya masika na ya kiangazi ziandikwe mbali mbali.

Kazi hiyo ina faida kubwa zaidi nje ya mpaka wa mkoa kuliko ndani yake. Kati ya sensa mbili za mwisho Dar es Salaam ilikua kwa takriban asilimia 2.1 kwa mwaka, ilhali Pwani ilitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Mji umevuka Kiluvya kwenda Kibaha, umevuka Kongowe kwenda Vikindu, umevuka Bunju kwenda Mapinga na Kerege. Huko halmashauri ni nyingine na michoro haivuki mpaka, kwa hiyo mshono wa wilaya unakuja kuwa mrefu kuliko mshono wowote wa mashamba. Lakini huko pia bado kuna ardhi inayouzwa kwa ekari, minyaa haijageuka ukuta, na kipande cha mita za mraba 256 bado ndicho kinachotofautisha kuacha njia na kutoiacha.